Bata Mzinga Anayejua Kazi Yake

Bata mzinga wengi wanaofugwa duniani leo hawawezi kupandana. Sisemi hivyo kwa kuwadharau, ni umbo tu ambalo binadamu amewapa. Kifua kimepanuliwa kizazi baada ya kizazi, miguu imefupika, na dume akijaribu kumpanda jike, uzito wake na umbo lake vinamkatalia. Kwa hiyo mbegu za dume hukamuliwa kwa mkono, na majike huhimilishwa na watu ambao hiyo ndiyo ajira yao. Watu hao wakigoma msimu mmoja, vifaranga hakuna. Mimi nafuga wale wengine, wa mbegu za kale, ambao kazi hiyo bado wanaimaliza wenyewe.

Huko Marekani kuna shirika linaloitwa The Livestock Conservancy, linalohifadhi mifugo iliyo hatarini kutoweka. Limeweka vigezo vitatu vya kumtambua bata mzinga wa kale. Cha kwanza, apandane mwenyewe. Cha pili, aweze kuishi na kuzaa nje kwa miaka mingi: jike miaka mitano hadi saba, dume mitatu hadi mitano. Cha tatu, akue polepole, afikie uzito wa kuchinjwa kwenye wiki ya 26 hadi 28. Hicho cha tatu ndicho kinachowakimbiza wafugaji, maana bata wa kifua kipana huwa tayari kati ya wiki ya 14 na ya 18, na mfuko wa chakula haumsubiri mtu. Lakini vile viwili vya kwanza vimesimama juu ya hicho cha tatu. Ndege anayekua polepole hujenga mifupa, moyo na mapafu kwanza, nyama inakuja baadaye. Anayeharakishwa hubebeshwa nyama na mifupa ambayo haijakomaa, na mara nyingi miguu au moyo humwangusha kabla hajapata nafasi ya kuwa mzazi wa mwaka wa pili.

Angalia kwamba katika vigezo vyote vitatu hakuna rangi. Hili nalisema kwa sababu watu wananunua kwa macho. Ile rangi ya shaba inayong'aa kijani na zambarau juani wanayo bata wa kale wa aina ya Bronze, na wanayo pia binamu zao wa kifua kipana. Wakiwa vifaranga, kuwatenganisha ni kazi kweli. Ukienda kununua, usiulize rangi. Uliza kama wazazi wao hupandana wenyewe, na kama mama yao aliatamia. Muuzaji akibabaika kwenye swali la pili, umeshapata jibu lako.

Ndege huyu alianza kufugwa Meksiko, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wahispania walimvusha bahari mwanzoni mwa karne ya 16, na ndani ya miongo michache alikuwa ameenea Ulaya. Walowezi walipohamia Amerika ya Kaskazini walimrudisha katika bara lake la asili, akakutana na bata mzinga wa porini wa misitu ya mashariki, wakachanganyika. Kutokana na mchanganyiko huo wakapatikana Bronze, na Narragansett wa kijivu na nyeusi, aliyepewa jina la ghuba moja ya Rhode Island. Mwaka 1874 chama cha wafugaji wa ndege cha Marekani kiliandika sifa rasmi za aina tano: Bronze, Narragansett, White Holland, Black na Slate. Bourbon Red, mwekundu mwenye mabawa na mkia mweupe kutoka Kentucky, alikubaliwa mwaka 1909. Wakati huo hapakuwa na haja ya kuwaita wa kale. Walikuwa bata mzinga tu.

Miaka ya 1930 bata wa kifua kipana waliingia Marekani kutoka Kanada, na mizani ikaanza kuamua kila kitu. Kisha soko likataka ndege mweupe, kwa sababu vishina vya manyoya meusi huacha madoadoa kwenye ngozi baada ya kunyonyoa na vyeupe havionekani. Kufikia miaka ya 1960 mweupe wa kifua kipana alikuwa ameshika karibu soko lote. Mwaka 1997 shirika lile lile la uhifadhi, ambalo wakati huo lilikuwa na jina lingine, lilihesabu bata wazazi wa mbegu za kale katika vituo vya kutotolea vifaranga nchini humo, likapata 1,335. Hapo nazungumzia aina zote kwa pamoja. Watu wanaosema ndege fulani "anatoweka" mara nyingi hawana namba mkononi. Hii hapa ni namba.

Sasa, mimi siwafugi kwa ajili ya kumbukumbu. Kilichopotea kwenye bata wa kisasa si manyoya wala ladha pekee. Ni uwezo: kuchagua mwenza, kupandana, kutaga mahali palipofichika, kuatamia bila kuchoka, kulea, kuruka mtini jioni, kutafuta chakula. Uwezo huo haukufutwa na mtu mbaya. Ulifutwa na msaada. Mfugaji akimfanyia ndege kazi fulani kila msimu, yule asiyeiweza kazi hiyo anaacha watoto sawasawa na yule anayeiweza, na baada ya vizazi kadhaa huwezi tena kuwatofautisha. Kwa hiyo swali ninalojiuliza kila ninapotaka kunyoosha mkono ni moja: nikimsaidia hapa, watoto wake watasahau nini?

Tuanze na kupandana. Dume akikutana na majike hufungua mkia, hushusha mabawa hadi ncha zake zinakwaruza ardhi, na kichwa chake hubadilika rangi kati ya nyekundu, nyeupe na buluu. Kile kinyama kinachoning'inia juu ya mdomo hurefuka mpaka kinavuka mdomo wenyewe. Mgeni akiona anadhani ni maringo tu. Lakini mtafiti Richard Buchholz, katika miaka ya 1990, alionyesha kwamba majike huwapendelea madume wenye kinyama kirefu, na kwamba urefu wake unahusiana na uchache wa vimelea vya koksidia tumboni. Jike anapochagua mwenza anafanya kazi ya maabara bila darubini. Katika uhimilishaji hakuna anayemuuliza.

Madume wenyewe hawachagui kwa makini namna hiyo. Watafiti Martin Schein na Edgar Hale, wa Pennsylvania, walitaka kujua ni kitu gani hasa kwa jike kinachomvutia dume. Wakawawekea madume sanamu ya jike, wakawa wanaipunguza kiungo kimoja kimoja: mkia, miguu, mabawa. Mwishowe kikabaki kichwa juu ya kijiti, na madume wakaendelea kubembeleza. Sijui kama hilo ni funzo juu ya bata mzinga peke yao.

Dume mmoja anatosha majike wanane hadi kumi, na mimi nakaa chini ya hapo. Akiwa na majike wachache sana huwarudia wale wale, na kucha zake huchana ngozi ya mgongo na ubavuni. Jeraha hilo hufichwa na manyoya. Usipomshika jike na kumpapasa chini ya mabawa hutaliona mpaka inzi wakuonyeshe. Kuna wanaowashonea majike vazi la turubai la kufunika mgongo. Mimi hapa nasaidia, kwa sababu naona ni suala la ustawi na si la kurithi. Ila dume anayechana kila jike anayempanda hapati msimu wa pili, awe na mkia wa namna gani.

Jambo moja ambalo wapya hulisahau ni kwamba jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa wiki nyingi. Ukimwondoa dume leo na kuleta mwingine, mayai ya siku zinazofuata bado yanaweza kuwa ya yule wa kwanza. Kama unafuatilia ukoo, subiri mpaka muda huo upite kabla ya kukusanya mayai ya kutotolesha.

Kutaga huanza mchana unaporefuka, na kwa jike wa kale ni jambo la msimu, si la mwaka mzima. Usimfuge kwa mayai. Hutafuta kona yenye nyasi ndefu au kichaka, hutaga yai lenye madoa ya hudhurungi, analifunika na majani na kuondoka kwa mwendo wa kuzunguka, asifuatwe. Ukitaka kupata kiota, usimfuate nyuma nyuma. Kaa mbali, subiri. Yakifika kumi na kitu analala juu yake, na kwa siku 28 huondoka mara moja tu kwa siku au hata chini ya hapo, anakunywa, anajisaidia mara moja kwa wingi wa kushangaza, anarudi.

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Jirani yangu mmoja, mzee mwenye kuku wengi na mkono mzuri wa mashine ya kutotolesha mayai, alimkuta jike wangu amekonda juu ya kiota akamwonea huruma. "Mwanangu, mashine ninayo, umeme upo. Ya nini kumtesa kiumbe?" Nikamwambia, "Mzee wangu, mashine ikiatamia mwaka huu na miaka inayokuja, itafika siku sitakuwa na jike anayejua kuatamia." Akacheka, akasema hao ndege wana kiburi na mwenye nao pia. Hakukosea. Jike anayeatamia hupungua uzito kweli, na nje ya kiota kuna mbweha, kicheche, mwewe na panya. Ndiyo maana namwekea uzio mdogo unaomzunguka, wenye wavu juu, maji na nafaka karibu. Namlinda, lakini kuatamia ni kwake. Mashine naitumia kwa mayai ya jike aliyekufa au aliyeliwa na mnyama, na vifaranga wa mashine hawaingii moja kwa moja kwenye kundi la wazazi mpaka wenyewe wamwonyeshe mfugaji kwamba wanaatamia.

Kuhusu ulezi, kuna jambo lililonishangaza niliposoma mara ya kwanza. Mtafiti Wolfgang Schleidt na wenzake, mwaka 1960, waliripoti kwamba majike walioondolewa uwezo wa kusikia waliwaua vifaranga wao wenyewe mara walipoanguliwa. Mama hamjui mtoto kwa sura. Anayesogea karibu na kiota bila kulia ni adui, basi. Tangu nisome hilo sisogezi kifaranga kwa jike mchana wakati ametulia na kimya. Nikiwa na vifaranga wa mashine wa kumtwisha, nawaingiza usiku, chini ya bawa, wakati vifaranga wake tayari wanalia. Kufikia asubuhi anajua sauti zote.

Vifaranga wenyewe wana sifa mbaya ya kufa ovyo. Sehemu ya sifa hiyo ni ya haki. Wengine hawajifunzi kula, na hufa njaa karibu na chombo kilichojaa chakula, baada ya kiini cha yai walichobaki nacho tumboni kwisha. Walio na mama wanaonyeshwa: anadonoa, anaita, wanafuata mdomo wake. Wasio na mama, ukiwalea kwenye bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, unakuwa wewe ndiye mdomo huo. Chovya mdomo wa kila mmoja kwenye maji, weka gololi zinazong'aa ndani ya chombo cha maji na juu ya chakula ili wavutiwe kudonoa. Joto la wiki ya kwanza liwe karibu nyuzi 35, ulipunguze kama nyuzi tatu kila wiki. Usiwape chakula cha vifaranga wa kuku. Kifaranga wa bata mzinga anataka protini ya kama asilimia 28 mwanzoni, na anahitaji vitamini ya niasini kwa wingi kuliko wa kuku. Ikipungua miguu hupinda, na mguu uliopinda ukikomaa haunyooki.

Ile hadithi kwamba bata mzinga hutazama mvua mdomo wazi mpaka anazama ni uongo. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo akitaka kuona kitu juu huinamisha kichwa upande mmoja, na watu wanadhani amepigwa butwaa. Kinachoua vifaranga kwenye mvua ni baridi. Manyoya yao ya utotoni hayakingi maji, na wakilowa usiku mmoja mbali na mama huwapati asubuhi. Jike mzuri anajua hili. Mawingu yakikusanyika utamwona ameshatanda mabawa chini ya kitu kabla ya tone la kwanza. Jike anayetembeza watoto kwenye nyasi zenye umande alfajiri namwandika kwenye daftari, na si kwa sifa.

Sasa nije kwenye ardhi, kwa sababu hapa ndipo mashamba mengi madogo yanapoangukia, na hapa bata wa kale hana ujanja wowote wa ziada. Ugonjwa unaitwa kichwa cheusi. Jina linapotosha, maana mara nyingi kichwa hakiwi cheusi. Mtafiti Theobald Smith alimweleza msababishi wake mwaka 1895, akichunguza bata mzinga wa Rhode Island, kwao Narragansett hasa. Ni kimelea cha seli moja, Histomonas meleagridis. Kikiwa peke yake nje ya mwili hufa haraka. Lakini kimejipatia nyumba: mayai ya mnyoo mdogo anayeishi kwenye utumbo kipofu wa ndege. Ndani ya yai hilo kimelea hukaa udongoni kwa miaka, na nyungunyungu wakimeza mayai hayo wanakuwa ghala linalotembea. Bata mzinga anapenda nyungunyungu kuliko karibu kitu chochote.

Na anayemleta mnyoo huyo shambani ni kuku. Kuku anabeba mnyoo, anabeba kimelea, na kwa kawaida anaendelea kutaga bila shida. Bata mzinga akipata, baada ya wiki moja au mbili anasimama peke yake, mabawa yameshuka, kinyesi kimekuwa cha manjano ya kiberiti, na ukimpasua baada ya kufa utaona ini lina madoa ya mviringo yaliyobonyea katikati. Kundi la bata mzinga linaweza kupoteza wengi wake, wakati mwingine karibu wote, kwa sababu kimelea kikishaingia bandani ndege huambukizana moja kwa moja bila kumhitaji mnyoo tena.

Watu huuliza dawa. Dawa ya mwisho iliyoruhusiwa Marekani, nitarsone, ilikuwa na aseniki, ikaondolewa sokoni mwaka 2015. Ulaya walikuwa wamezipiga marufuku zao mapema zaidi. Dawa za minyoo zinapunguza mnyoo anayekibeba kimelea, hazikigusi kimelea kilichokwisha kuingia kwenye ini. Kwa hiyo kinga ni ramani ya shamba lako. Bata mzinga wakae kwenye ardhi ambayo kuku hawajakanyaga kwa miaka kadhaa. Viatu vya banda la kuku visiingie kwa bata. Maji ya mvua yasitiririke kutoka kwa kuku kuelekea kwa bata. Wahamishe malishoni mara kwa mara ili wasikae juu ya kinyesi chao, na pale wanaposongamana, karibu na maji na chakula, weka mchanga au changarawe ikauke upesi.

Mimi niliamua kutofuga kuku kabisa. Najua ni uamuzi mkali kwa shamba dogo, na wapo wanaofuga wote pamoja miaka na miaka bila kifo kimoja, kwa sababu udongo wao haujapata kimelea au haumfai mnyoo. Hao wakinipa ushauri nasikiliza kwa heshima na kisha siufuati. Kuna pia kishawishi cha kumpa tetea wa kuku mayai ya bata mzinga aatamie, maana kuku ni mama hodari. Kwa hilo unapoteza mara mbili. Unawalisha vifaranga minyoo ya mama wa kambo, na unampumzisha jike wa bata kazi ile ile unayotaka aikumbuke.

Kulala hakuhitaji maneno mengi. Bata wa kale anaruka, na jioni anataka juu. Ukimfungia kwenye banda la chini lenye hewa nzito atakuwa na mafua na macho yaliyovimba. Mpe paa, kuta zilizo wazi upande usiopigwa na upepo zikiwa na wavu imara, na boriti nene za kulalia ambazo kifua chake kitazilalia bila kupinda mfupa. Kumkata manyoya ya bawa moja kunamfundisha kuheshimu uzio kwa muda, ila humwondolea njia ya kumkimbia mbweha. Mimi nawakata wale tu wanaozoea kulala juu ya paa la watu.

Kazi ngumu ni kuchagua, na hapa moyo laini ni hatari zaidi kuliko mbweha. Naanza kuwapima wakiwa bado wadogo, kwa mkono na kwa jicho: mfupa wa kifua umenyooka, vidole havijapinda, hatua ni sawa, macho makavu. Karibu na wiki ya 28 narudia kwa mizani. Viwango vya Bronze ni kama kilo 11 kwa dume kijana na 7 kwa jike kijana. Royal Palm, mweupe mwenye pindo nyeusi, ni mdogo zaidi, dume mzima wake ni kilo 10 hivi. Sitafuti mzito kupita kiwango. Ukichagua mzito kuliko wote kila mwaka, unarudia polepole njia ile ile iliyotuletea kifua kipana, na safari hii kwa mikono yako mwenyewe. Namtafuta dume aliye kwenye kiwango, ambaye mama yake alilea vifaranga wake mwenyewe. Mama kwanza, mkia baadaye.

Ili damu isikaribiane mno, kundi nimeligawa katika familia tatu. Majike hubaki kwenye familia ya mama yao daima. Madume vijana huhama: wa familia ya kwanza huenda ya pili, wa pili huenda ya tatu, wa tatu hurudi ya kwanza. Daftari moja na pete za rangi miguuni vinatosha, na mtu anaweza kwenda hivyo miaka mingi bila kununua damu ya nje.

Waliobaki, ambao ni wengi, wanachinjwa. Wageni wapole hunikunjia uso hapa, wakidhani mhifadhi hapaswi kula anachokihifadhi. Lakini hawa hawakupungua kwa kuliwa. Walipungua kwa kuachwa kuliwa. Mlaji alipomhamia wa kifua kipana, mfugaji hakuwa na sababu ya kulisha ndege wa kale kwa wiki 28. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapishi na wanaharakati wa vyakula nchini Marekani walipoanza kuwatafuta tena, idadi yao imepanda mara kadhaa kuliko ile ya 1997. Nyama yake ni tofauti: paja jeusi na gumu kiasi la ndege aliyetembea, kifua chembamba, mafuta yaliyopata muda wa kuingia. Mpishi aipike kwa moto wa taratibu, wala asimlinganishe na yule mwingine kwenye sahani moja.

Kuna habari moja ya kisayansi inayonirudia ninapowatazama majike. Kituo cha utafiti cha serikali huko Beltsville, Maryland, kilizalisha bata mdogo mweupe, Beltsville Small White, aliyependwa sana miaka ya 1940 na 1950 kisha akakaribia kupotea kabisa. Katika miaka hiyo ya 1950 mtafiti Olsen aligundua kwamba baadhi ya mayai yao, yaliyotagwa na majike ambao hawakuwahi kukutana na dume, yalianza kukua yenyewe, na machache yakaanguliwa. Vifaranga wote walikuwa madume. Mbegu yenye siri ya namna hiyo ndani yake ilikaribia kwisha kwa sababu tu wale wa kifua kipana walianza kuchinjwa wakiwa wachanga na kuuzwa kwa uzito ule ule mdogo wa Beltsville.

Kundi lililo shamba moja halijahifadhiwa. Usiku mmoja wa mbweha, au kinyesi kimoja cha manjano, na kazi ya miaka imekwisha. Kwa hiyo natoa. Mtu akija kuomba wazazi nampa dume na majike kutoka familia tofauti, na masharti yangu ni mafupi: asiwachanganye na aina nyingine, majike waatamie wenyewe, mimi nikipoteza ukoo anirudishie dume, na kuku wakae mbali. Anayekubali namchagulia jike aliyekwisha kulea. Anayeanza kuniuliza ni yupi mwenye mkia mzuri wa kupigia picha, nampa maji ya kunywa na kumsindikiza hadi getini.